Bango la Getini: Kisa cha Dada Mkuu Aliyeanza Kujichubua

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya bweni ya wasichana hapa Tanzania, ambako nilikuwa mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Msichana ninayemwita Tunu haitwi hivyo. Nimeondoa jina la shule na mkoa, nimebadilisha mambo madogo ya familia, na mwaka nimeuacha. Tunu sasa ni mtu mzima. Amekisoma kisa chote na kuniruhusu kukitoa, na mama yake vilevile. Nawaandikia walimu wa malezi, matroni na wazazi, kwa sababu tulikosea mahali ambapo kosa linafanana sana na wema.

Usuli

Tunu ni mtoto wa mama lishe aliyelea watoto watatu peke yake. Ada yake alilipiwa na mfadhili kwa sharti kwamba wastani wake usishuke. Kila mwisho wa muhula ripoti yake ilitumwa pamoja na barua ya shukrani aliyoiandika mwenyewe kwa mkono. Nilikuja kuzisoma nakala za barua hizo baadaye, zote kwa mkupuo mmoja. Katika miaka mitatu hakuna hata moja iliyotaja kwamba kuna kitu kilimshinda, au kwamba aliugua, au kwamba alikumbuka nyumbani.

Rangi yake ni nyeusi tii. Alipokuwa kidato cha kwanza wenzake walipomtania alikuwa anajibu haraka, tena akicheka, kwamba amemfuata babu yake, na babu yake alikuwa mwanamume mzuri kuliko wote kijijini. Naliweka hili mapema ili msomaji asidhani alikuja shuleni akiwa tayari anaichukia ngozi yake. Hakuja nayo chuki hiyo. Aliipata kwetu.

Kufikia kidato cha tatu alikuwa wa kwanza darasani, anaongoza midahalo, anaimba kwaya, na mwisho wa mwaka akachaguliwa dada mkuu. Sisi walimu tulikuwa na sentensi moja ya kumkaripia msichana yeyote aliyechelewa, aliyefeli au aliyejibu vibaya: "Mwangalie Tunu." Mimi mwenyewe niliitumia mara nyingi. Sikufikiria mtoto anayetazamwa na shule nzima kutwa kucha anapata wapi mahali pa kuwa mchovu.

Mambo yalivyokwenda

Januari, Tunu akiwa ameingia kidato cha nne, shule iliagiza bango kubwa la kuning'inizwa getini pamoja na kalenda ya mwaka. Picha kuu ilikuwa yake, amevaa sweta la shule, kitabu mkononi. Kazi ilipotoka studio, uso wa kwenye bango ulikuwa wa rangi ya maji ya kunde. Fundi alikuwa ameusafisha kwenye kompyuta: rangi imepandishwa, kovu dogo la utotoni juu ya nyusi limefutwa, meno yameng'arishwa. Mimi ndiye niliyepokea kazi ile na kusaini. Niliiona tofauti. Nikasema moyoni kwamba imetoka vizuri, nikaendelea na shughuli.

Tunu alisimama mbele ya lile bango muda mrefu, kisha akaniuliza, "Madam, huyu ni mimi?"

Nikamjibu, "Ni wewe mwanangu. Umependeza."

Mwezi mmoja baadaye, siku ya wazazi, mama mmoja alitafuta dada mkuu ampe mzigo wa binti yake. Tunu alipojitokeza, yule mama akasema mbele ya watu kwamba alidhani ni yule mweupe wa pale getini. Watu wakacheka, Tunu naye akacheka. Hakuna mtu mzima aliyelichukulia kama tukio.

Likizo fupi ya katikati ya muhula alikwenda mjini kwa mama yake mdogo. Huko alikuwa na simu kwa mara ya kwanza mfululizo, na wasichana wa darasa lake walikuwa wakirushiana picha zilizopitishwa kwenye programu za kusafisha uso. Yake aliyopiga bila kuisafisha ilipata maneno mawili matatu ya utani. Jirani wa mama yake mdogo alikuwa akiuza mkorogo kwenye vikopo visivyo na lebo: krimu ya tyubu, losheni na vitu vingine ambavyo hata muuzaji hakuvijua vyote. Tunu alinunua kwa fedha aliyopewa ya madaftari. Aliporudi shuleni mkorogo ulikuwa ndani ya kopo la mafuta ya mgando, katikati ya trunka, na hakuna aliyeshtuka.

Baada ya likizo ya Juni mabadiliko yalionekana wazi. Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, maana kwangu hapa ndipo penye uzito wa kisa chote.

Walimu watatu, nami nikiwa mmoja wao, tulimwambia kwamba ametakata. Katika Kiswahili chetu kutakata ni kuwa safi. Maji hutakata, nguo hutakata, nia hutakata. Lakini neno hilo tumelihamishia kwenye ngozi, na mtu rangi yake ikipungua weusi tunamwambia ametakata, maana yake zamani alikuwa na uchafu. Hatukukusudia kusema hivyo. Tulikuwa tunasalimia. Lakini kwa msichana aliyekuwa anapaka kitu usiku kwa siri, salamu ile ilikuwa jibu la swali alilotuuliza bila kutamka: je, hivi ndivyo mnavyonitaka? Tukamjibu ndiyo, mara tatu, siku ya kwanza ya muhula.

Wa kwanza kuona kwamba mambo si mazuri alikuwa matroni, mama ambaye hakusoma sana lakini ana macho. Aliona Tunu anavaa sweta mchana wa jua kali, anaoga peke yake usiku wengine wakiwa wamelala, amekwepa mazoezi ya netiboli wiki tatu. Aliona vifundo vya vidole vimebaki vyeusi huku mkono umekuwa mwekundu. Aliona pia kwamba anaamka saa tisa usiku kusoma na kwamba kwenye chakula anagawia wenzake nusu ya sahani. Alinieleza. Nikamjibu kwamba Tunu ni mtu wa kidato cha nne, ana mzigo, na matokeo yake ni mazuri. Nilitumia alama zake kama cheti cha afya.

Katikati ya Agosti kulikuwa na upekuzi wa mabweni kutafuta simu. Simu zilipatikana mbili, ila makopo ya mkorogo yalipatikana kumi na moja. La Tunu lilikuwa mojawapo.

Usiku wa makopo

Mkuu wa shule alishtuka na kukasirika. Mapendekezo yaliyowekwa mezani usiku ule yalikuwa matatu: makopo yote yachukuliwe na kumwagwa mara moja, wahusika watajwe mstarini asubuhi, Tunu avuliwe udada mkuu kwa kuwa amewaangusha wanaomfuata.

Nilipinga kutajwa mstarini, na hilo lilikubaliwa. Suala la cheo likaahirishwa. La kumwaga makopo niliunga mkono kwa moyo wote. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: kitu ni sumu, kiondoke usiku huuhuu. Hakuna aliyefikiri kumwita muuguzi wa shule, ambaye alikuwa amelala mita mia moja kutoka pale tulipokaa.

Siku ya sita Tunu alianza kuwashwa uso. Siku ya tisa uso ulikuwa umevimba, mwekundu, una vipele vyenye usaha kuzunguka mdomo, na alisema anahisi kama amemwagiwa pilipili. Wasichana wengine wawili walipata hali kama hiyo, ila nafuu kidogo. Mtihani wa utamirifu wa mkoa, yaani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, ulikuwa umeanza. Tunu alifanya karatasi moja akiwa amejifunika kitambaa, ya pili hakutokea. Tulimkuta amejifungia katika bafu la wagonjwa. Alimwambia matroni kupitia mlangoni kwamba hataki kuonekana tena na mtu yeyote, na kwamba ingekuwa heri asingekuwepo.

Nilipofika nilikaa chini sakafuni upande wa pili wa mlango. Nilimuuliza moja kwa moja, kwa maneno haya: "Tunu, unafikiria kujiua?" Walimu wengi huogopa swali hilo wakidhani litampa mtoto wazo. Mafunzo ya ushauri nasaha yanafundisha kinyume chake: kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo, kunampa nafasi ya kulisema. Alinyamaza kitambo, akasema amelifikiria jana na leo, ila hajui angefanyaje. Akafungua mlango. Tangu saa ile hakuachwa peke yake: matroni alihamishia godoro lake chumba cha wagonjwa, dawa zote zikafungiwa kabatini, na kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali ya mkoa.

Daktari alichotueleza

Daktari wa ngozi alimtazama dakika chache tu, akauliza ni nani aliyesimamisha mkorogo ghafla. Nikasema ni sisi.

Alieleza kwamba mikorogo ya aina hii mara nyingi hubeba steroidi kali, kama vile klobetasoli, ambayo ni dawa halali ya magonjwa ya ngozi lakini inatakiwa kutolewa na daktari, kwa muda mfupi, kwa kawaida isiyozidi wiki mbili mfululizo, na si usoni bila sababu nzito. Ikipakwa miezi, ngozi hukonda, michirizi hutokea, chunusi hulipuka, na ngozi huzoea kuishi na ile dawa. Ukiiondoa siku moja, ngozi hulipiza: wekundu, moto, uvimbe. Dawa ikiwa imepakwa mwili mzima kwa muda mrefu, hata tezi zilizo juu ya figo zinaweza kuzembea kutoa homoni yake ya asili, ndiyo maana mtu hupunguziwa taratibu chini ya uangalizi.

Vilevile kuna haidrokwinoni, kemikali ya kupunguza weusi wa ngozi, ambayo mtumiaji wa muda mrefu huweza kuambulia mabaka meusi ya kibluu, yaani kinyume kabisa cha alichokitafuta, na kuna zebaki, ambayo hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Kwa sababu hiyo Tunu alipimwa mkojo kuona kama figo zinapitisha protini, akapimwa na shinikizo la damu. Vipimo vilikuwa vizuri. Alipewa krimu ya steroidi dhaifu ya kupunguza kwa ratiba, dawa ya vipele, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na kofia pana ya jua, kwa kuwa ngozi iliyochubuliwa haina kinga yake. Alipangiwa pia kumwona afisa wa afya ya akili hospitalini hapo kila wiki.

Kwa Tanzania vitu hivi vitatu haviruhusiwi ndani ya vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mkataba wa Minamata wa 2013 unahusu zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vilivyoongezwa zebaki vikome kutengenezwa na kuuzwa baina ya nchi baada ya 2025. Nasema haya ili mwalimu ajue ana pa kuegemea. Lakini kopo lisilo na lebo, linalouzwa na jirani kwa mtoto anayemfahamu, halisubiri sheria imfikie.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumwita mama yake siku ileile, kabla uvimbe haujashuka. Wenzangu walitaka tusubiri apone kidogo ili mama asishtuke. Nilikataa, kwa sababu kumficha mtoto mpaka apendeze tena ndiko kulikotufikisha hapo. Mama Tunu alifika kesho yake mchana, amepanda basi la alfajiri. Hakumgombeza. Alimshika mikono yote miwili, akaitazama, kisha akanigeukia na kusema, "Mwalimu, mimi kila nikimsindikiza stendi namwambia neno moja tu. Namwambia usiniangushe." Akalia. Tunu hakuwahi kumwona mama yake akilia, hata baba alipoondoka.

Wa pili ulihusu cheo. Badala ya kumvua, mkuu wa shule alimuuliza mwenyewe anataka nini. Alisema anataka kupumzika. Msaidizi wake akachukua majukumu yote mpaka mwisho wa mwaka, na Tunu akabaki na beji yake. Tulilitangaza kwa sentensi moja tu: anaumwa, anatibiwa. Kumvua kungewafundisha mamia ya wasichana kwamba nafasi yao shuleni inadumu mradi wasiumwe hadharani.

Wa tatu ulihusu yale makopo mengine. Tuliweka sanduku lenye kufuli nje ya chumba cha muuguzi. Msichana alileta kopo lake bila kuandikishwa jina, ila kabla ya kuliacha alizungumza na muuguzi dakika kumi: umepaka muda gani, sehemu gani, mara ngapi. Aliyepaka muda mrefu hakunyang'anywa; alipelekwa hospitali kwanza. Katika wiki tatu yalikusanywa makopo 23, zaidi ya mara mbili ya yale ya upekuzi. Makopo manne yalitoka kwa walimu na watumishi. Sikulitegemea hilo, na liliniambia mengi kuhusu tulivyokuwa tukiwatazama watoto.

Wa nne nilisita nao na hata leo sina uhakika kama nilifanya sawa: nilimwandikia mfadhili ukweli, kwa ruhusa ya Tunu na mama yake. Mfadhili akajibu kwamba sharti la wastani litaondolewa kwa mwaka ule. Tulifurahi. Lakini Tunu aliniambia baadaye kwamba barua ile ilimwogopesha kuliko ugonjwa, kwa sababu hata alipokuwa anaruhusu hakuona kwamba ana uwezo wa kukataa. Mtoto anayelipiwa ada hujua nani ameshika mpini. Ningerudi nyuma, ningempa siku tatu za kufikiri na mtu mwingine wa kumshauri asiyekuwa mwajiriwa wa shule.

La mwisho lilikuwa bango. Nilipanda ngazi na mlinzi tukaliteremsha Jumamosi. Fundi wa studio nilipomfuata alishangaa kwa dhati. Alisema picha zote za shule, harusi na kipaimara huzipandisha rangi bila kuagizwa, kwa kuwa asipofanya hivyo mteja hurudi kulalamika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejifunza kutoka kwetu sote tunachokilipia.

Matokeo

Baada ya miezi minne uso wake ulipona. Michirizi ya mikono na mapaja imebaki na haitaondoka. Fikra za kujiua zilipungua ndani ya wiki za kwanza, kwa maneno yake mwenyewe baada ya kupata usingizi, maana kuamka saa tisa usiku kulipigwa marufuku na matroni aliyelala kitanda cha pili. Mtihani wa taifa wa Novemba aliufanya. Tulimtegemea divisheni ya kwanza, akapata ya pili. Aliendelea na masomo, na sasa yuko chuoni.

Baadaye alirudia kupaka mara moja, wiki mbili kabla ya harusi ya binamu yake, kisha akaacha na kunipigia simu. Kati ya wale wasichana wawili waliovimba pamoja naye, mmoja alihama shule kabla ya matibabu kwisha na hatukumpata tena. Huyo ni wa kuhesabiwa upande wetu wa hasara.

Uchambuzi

Kosa kubwa zaidi kitabibu lilikuwa kumwaga makopo usiku ule. Kwa nje lilikuwa tendo la ulinzi. Kwa ndani lilikuwa haraka ya shule kurudia usafi wake: uchafu umeonekana, uondoke kabla ya asubuhi. Tungemwamsha muuguzi mmoja tu, Tunu na wenzake wawili wangeponea maumivu yale na pengine Tunu asingefika mlango wa bafuni.

Kosa la pili lilikuwa la muda mrefu na ni gumu kuliona. Tulimfuatilia mwanafunzi dhaifu kwa karibu na yule bora tukamwacha ajilee. Dalili za Tunu zilikuwa za kitabuni: usingizi, chakula, kujitenga, mavazi yasiyolingana na hali ya hewa. Angekuwa wa thelathini darasani ningemwita ofisini wiki ya kwanza. Sasa kila muhula naanza mazungumzo na wale watano wa juu, na ninawauliza kuhusu kulala kabla ya kuwauliza kuhusu masomo.

Kilichofaa kilianza na matroni. Alikuwa ameona kila kitu wiki tatu kabla ya upekuzi, na kilichomzuia ni mimi. Tangu hapo anaingia kikao cha malezi kama mjumbe kamili na anaweza kumpeleka mwanafunzi hospitali bila kupitia kwangu. Kutenganisha tiba na nidhamu nako kulifaa, na idadi ya makopo inaonyesha: woga ulileta 11, chumba cha muuguzi kikaleta 23. Swali la wazi mlangoni lilifaa. Na kumwona mama akilia, jambo ambalo hatukulipanga, lilimfanyia Tunu kitu ambacho vikao vyangu havikuweza. Alisema siku ile ndipo alipojua kwamba katika familia yao mtu anaruhusiwa kushindwa mbele ya mwingine.

Simu na programu za picha zilikuwa na sehemu yake, sizikatai. Ila naona tunapenda kuzitaja kwanza kwa sababu ziko mbali nasi. Tunu alikuwa na simu kwa siku za likizo tu. Bango la getini alilipita kila siku, na salamu zetu alizipokea asubuhi, mchana na jioni.

Nilipompelekea andiko hili alilisoma na kulirudisha na alama moja tu ya kalamu. Kwenye sehemu ya matokeo nilikuwa nimeandika kwamba baada ya miezi minne uso wake ulitakata. Alikuwa amelipigia neno hilo mstari, na pembeni ameandika: "Madam, ulipona."

Nimelibadilisha.